Wanasesere Wauaji Niliowashona Gerezani

Vijana mnaokuja kujifunza ushonaji kwangu hupenda kuniuliza ni kosa gani kubwa niliwahi kulifanya katika miaka yangu ya kazi. Nadhani mnataka kusikia kwamba hata bibi huyu aliwahi kuunguza gauni la harusi kwa pasi. Niliwahi, na siku hiyohiyo nikaunguza na shela lake. Lakini kosa ninalolikumbuka kuliko yote halikutokana na uzembe. Nilifuata kanuni ya kazi barabara kama nilivyofundishwa, na ukumbi mzima ukacheka mpaka watu wakateremka kwenye viti vyao.

Naitwa Skola. Nilifika Dar es Salaam kutoka Masasi, nina cheti cha darasa la saba na vidole vyepesi, nikapokelewa katika ushirika wa washonaji uliokuwa ndani ya banda la mabati mtaa wa Gerezani, jirani na mafundi wa reli. Zilikuwa siku za Ujamaa, kila mtu Ndugu Fulani. Tulishona sare za shule, makoti ya manesi na wanasesere wa vitambaa kwa ajili ya chekechea. Nyundo za jirani zilianza kugonga kabla ya cherehani zetu, na hadi leo nikishona mahali palipo kimya mshono wangu huenda upande.

Aliyekuwa juu yetu sote pale bandani ni Bi. Mwanaidi, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye ulimi mkali na mikono ambayo sijaiona tena kwa mtu mwingine. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba sufi haishindiliwi ndani ya mwanasesere kwa ngumi. Unaiingiza kidogo kidogo kwa mpini wa mwiko, unaanza na vidole vya miguu, unapanda. Shingo ndiyo mtihani. Ukiweka sufi kidogo kichwa kinalala kifuani, ukizidisha mshono unafumuka mbele ya mteja. Mkisikia mtu anasema mwanasesere ni kazi ya watoto, mpeni shingo moja aishone.

Kwenye kanga alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala. Mnajua kanga ina pindo pembeni, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu ya pindo la chini. "Jina halikatwi," alisema. Mji kata utakavyo, pindo punguza, lakini jina libaki zima, likae nyuma katikati, alisome anayekufuata njiani. Mwezi wangu wa kwanza nililikata. Lilikuwa gauni la mama mmoja wa Msimbazi, na mkasi wangu ulipita katikati ya neno. Bi. Mwanaidi hakunigombeza. Alifumua gauni zima mbele yangu, akaziunganisha zile nusu mbili kwa sindano ya mkono, kisha akanipa kitambaa nitafute mshono ulipopita. Nilipapasa kwa kidole, nikakipeleka mlangoni penye mwanga, nikakigeuza nyuma na mbele. Sikuuona. Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilitaka kulia, si kwa aibu, bali kwa kuona kwamba binadamu anaweza kufanya kitu kama kile kwa uzi na sindano tu.

Na Bi. Mwanaidi hakujua kusoma. Ilinichukua muda kugundua. Kila kanga mpya ilipofika aliniita, "Skola, hebu nitazamie hapa inasemaje, macho yangu leo mazito," nami namsomea, naye anaigeuza upande ulio sawa na kukata. Miaka ishirini na zaidi alikuwa akiyalinda maneno asiyoweza kuyasoma.

Mnasikia habari za kisomo, madarasa ya watu wazima ya enzi zile. La kwetu lilifanyika humohumo bandani, saa kumi jioni, baada ya kufunika cherehani. Akina mama wa ushirika walikaa kwenye mabenchi na wapagazi wa sokoni Kariakoo walikuja na magunia yao begani. Mwalimu wetu alikuwa Nasoro, kijana wa Kiarabu aliyezaliwa Msimbazi, juu ya duka la vitambaa la baba yake. Nasema wetu ingawa mimi nilikuwa najua kusoma tayari. Nilikaa nyuma nikimsaidia kugawa chaki, na ukweli ni kwamba nilipenda kuona. Mpagazi wa miaka hamsini anaweka kidole chini ya herufi, anakunja uso, anasukuma silabi moja moja, halafu ghafla neno linakuwa neno. Hiyo nimeiona mara nyingi na sikuizoea.

Watu wakishaanza kusoma hawashikiki. Walisoma vibao vya maduka, magunia ya unga, makopo ya rangi, na walisoma kwa sauti, wote. Ukipita nao Kariakoo hamfiki. Bi. Mwanaidi peke yake hakusoma. Miaka miwili alikuja kila siku, akakaa benchi la mbele, na zamu yake ikifika anasema amesahau miwani nyumbani. Hakuna mtu aliyewahi kumwona na miwani. Mwalimu Nasoro alimwambia, "Haya, mama, kesho," akaenda kwa mwingine.

Huyu Nasoro alikuwa na ugonjwa mmoja: sinema. Kila filamu iliyokuja mjini aliitazama, na za kutisha alizirudia. Akaota kutengeneza ya kwake, ya Kiswahili, ambamo wanasesere wa mtoto wanaamka na kuua watu wa nyumba. Kamera ilikuwa mali ya ofisi moja iliyokuwa na kazi ya kutengeneza filamu za kuelimisha umma. Nasoro akaenda kule na maombi yake, akawaeleza kwamba filamu yake inahusu usalama wa watoto majumbani. Visu visiachwe ovyo. Wazazi wakiwaona wanasesere wameshika visu wataogopa, na wakiogopa watavifungia kabatini. Aliyaeleza haya kwa uso mkavu kabisa, na Ndugu Afisa aliyekuwa mkubwa wa pale akayakubali kwa uso mkavu vilevile.

Lakini alimpa sharti. Filamu ikikamilika ionyeshwe kwa wananchi, na yeye mwenyewe atakuwepo. Watu wakiogopa kweli, kamera itabaki mikononi mwa Nasoro mwaka mzima, atengeneze nyingine. Wasipoogopa, inarudi stoo. Nasoro alilirudia sharti hilo mbele yetu mara nyingi. Alikuwa na madaftari matatu ya hadithi nyingine alizotaka kutengeneza, na alitembea nayo chini ya kwapa hata akienda kunywa chai.

Alinijia mimi kwa sababu nilikuwa mshonaji wa wanasesere. "Nataka watatu," akasema. "Wakubwa, kimo cha mtoto wa miaka mitatu. Na wawe wabaya, Skola. Mtu akiwaona asilale."

Wanangu, mkono una tabia yake. Nilikuwa nimeshona wanasesere wa chekechea zaidi ya mia, na mkono ulishazoea kuweka tabasamu. Niliushusha mdomo wa yule wa kwanza, ukapanda. Nikaweka meno kwa vifungo vya shati, akawa anafanana na mtu anayesubiri kukaribishwa chai. Nyusi za uzi mweusi nikazikutanisha katikati, akaonekana ana wasiwasi juu ya jambo fulani la nyumbani. Bi. Mwanaidi alipita, akamtazama, akasema, "Huyu maskini kafiwa na nani?"

Nguo zao tulizipata dukani kwa baba yake Nasoro. Vitambaa vilikuwa vya shida, lakini kulikuwa na doti moja ya kanga iliyotafunwa na panya upande mmoja, haiuziki. Nasoro aliileta mwenyewe kwa mikono yake. Nikakata magauni mawili, na wa tatu nikamvika mabaki ya sare. Nilikata kama nilivyofundishwa. Jina zima, nyuma, katikati. Sikulifikiria hata mara moja, kama vile ninyi msivyofikiria kufunga uzi mwisho wa mshono.

Kupiga picha kulichukua Jumapili sita, nyumbani kwa shangazi yake Nasoro. Mshipi wa kuvulia samaki tuliufunga mikononi na kiunoni mwa wanasesere, mimi nikivuta kutoka dirishani. Visu vilikuwa vya mbao, vimepakwa rangi ya fedha. Kulikuwa pia na gari la waya lililotakiwa kung'ata watu vifundo vya miguu, nalo kila lilipovutwa lilikuja kinyumenyume. Baba wa nyumba aliigizwa na mpiga pasi wetu, mtu mnene mwenye mtekenyo. Alikufa mara tatu, kwa sababu mwanasesere alipomgusa tumboni maiti ilicheka. Mkanda wenyewe ulikuwa wa kuhesabu, hakuna kurudia zaidi ya hapo. Nasoro hakukasirika. Alilala chali sakafuni na kamera, akapanda juu ya kabati, akaning'inia dirishani, anatafuta pembe ambayo mwanasesere ataonekana mrefu. Nilimtazama nikajua anaona kitu ambacho sisi wengine hatukioni, na nikawa navuta mshipi kwa adabu.

Kamera ile haikuwa na sauti. Kwa hiyo maneno Nasoro aliyaandika kwa chaki kwenye ubao wa darasa na kuupiga picha: NYUMBA YA MZEE JUMA, kisha MTOTO AMELALA, kisha WANASESERE WANAAMKA. Aliyachagua maneno ambayo wanafunzi wake wangeweza kuyasoma. Mkanda ukapelekwa nje ya nchi kusafishwa, ukarudi baada ya miezi, akaukata na kuunganisha akichungulia ndani ya kifaa ambacho picha yake ilikuwa ndogo sawa na ukucha. Herufi ndogo humo hazionekani. Hilo nalisema ili msimlaumu.

Ikaonyeshwa Jumamosi mchana, kwenye ukumbi mmoja wa mikutano karibu na Msimbazi. Madirisha tuliyaziba kwa mablanketi. Darasa lote la kisomo lilikuja, na ushirika wote, na watu wa sokoni waliosikia kuna sinema bila kiingilio. Bi. Mwanaidi alikaa katikati, amejifunga kanga mpya. Ndugu Afisa alikaa mbele pembeni, miguu imekunjwa, daftari juu ya goti. Mimi nilikaa nyuma kabisa kando ya mashine ya kuonyeshea sinema, aliyokuwa akiiendesha Nasoro mwenyewe. Aliniambia, "Mtu mmoja tu, Skola. Apige ukelele mmoja tu wa woga."

Taa ikawaka, ukuta ukawa nyumba. Ubao ukatokea, na ukumbi mzima, watu zaidi ya mia mbili, ukasoma kwa sauti moja: nyu-mba-ya-m-ze-e-ju-ma. Nywele zilinisimama. Nasoro akatabasamu gizani. Halafu akatokea mwanasesere wangu. Alikuwa na urefu wa mlango. Niliona mishono yangu mikubwa kama kamba, kila kosa na kila nilipopatia, na vifungo vya shati vinang'aa kama sahani. Nilishika benchi kwa mikono miwili. Nilikuwa nimemlaza huyo kwenye paja langu na kumjaza sufi kwa mwiko, na sasa ananitazama kutoka juu, nami ndiye mdogo. Sijui niwaelezeje. Nilitaka kumwamkia.

Na watu walikaa kimya. Hilo nataka mlijue. Mwanasesere alitelemka kitandani, akachukua kisu, ukumbi ukashika pumzi, mama mmoja mbele yangu akamvuta mwanawe kifuani. Nasoro alinikamata mkono. Kisha mwanasesere akageuka kwenda chumbani kwa Mzee Juma, akatupa mgongo. Na pale nyuma, katikati, kwa herufi zenye urefu wa mkono wa mtu, hakuna hata moja iliyokatwa, kulikuwa na maandishi.

Wale watu walikuwa wameshaambiwa na filamu yenyewe kwamba kikiandikwa kitu kisomwe. Wakasoma. "Na-ku-shu-ku-ru-ma-ma."

Kisha mpagazi mmoja akasema taratibu, "Ana adabu lakini," na ukumbi ukapasuka. Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Kilianza chini, kikapanda, kikagonga mabati. Mwanasesere wa pili akageuka naye, nakushukuru mama, kisu mkononi. Gari la waya likaja kinyumenyume. Mpiga pasi akafa, na mpiga pasi mwenyewe, aliyekuwa safu ya tatu, akainuka kuwaonyesha watu kuwa ni yeye. Watu walilaliana mabegani, wengine wakafuta machozi kwa ncha za kanga. Nilikuwa nimejaa aibu hadi masikioni, na bado, Mungu anisamehe, nilishangaa kwa furaha. Miaka miwili nyuma nusu ya wale walikuwa wanaweka dole gumba kwenye wino. Sasa walikuwa wanaisoma sinema ikikimbia.

Nasoro aliinama sikioni kwangu. "Yale ni maandishi?"

"Ni jina, Mwalimu. Jina halikatwi."

"Hukuniambia."

"Kanga uliileta wewe."

Alikuwa anatazama kule mbele, ambako Ndugu Afisa alikuwa amefunga daftari lake. Afisa hakucheka. Aliinuka, akaja nyuma akipita kati ya magoti ya watu, akasimama karibu nasi. "Ndugu Nasoro," akasema kwa upole, na upole ule ndio uliouma, "naona tumeelewana. Zima, watu wapumzike."

Nasoro akapeleka mkono kwenye swichi. Nilimwona uso wake kwa mwanga wa mashine. Yale madaftari matatu yalikuwa chini ya kiti chake. Nilitaka kumwambia nisamehe.

Ndipo katikati ya ukumbi mtu akasimama, na kivuli cha kichwa chake kikaingia kwenye picha. Watu wakapiga kelele akae. Hakukaa. Alikuwa Bi. Mwanaidi.

"Mwalimu," akasema. "Rudisha pale. Mimi sijamaliza."

Wengine walianza kucheka tena, wakidhani ni mzaha. Wa ushirika hatukucheka. Nasoro aliuacha mkono wake juu ya swichi kwa muda ambao nauona mrefu hata leo. Afisa alikuwa anangoja. Kurudisha pale maana yake ni kumwonyesha Afisa tena, polepole, kile kilichomharibia Nasoro.

Akageuza kitufe cha kurudi nyuma. Mpiga pasi akafufuka, kisu kikatoka tumboni, mwanasesere akatembea kinyumenyume hadi kitandani. Kisha mbele. Mwanasesere akageuka, na Bi. Mwanaidi, amesimama, amenyoosha kidole hewani, akaanza. "Na. Ku. Shu." Mwanasesere akapita mlangoni, herufi zikapotea. Kwa mashine zile huwezi kuisimamisha picha, moto wa taa unaunguza mkanda.

"Tena, Mwalimu."

"Ndugu Nasoro," Afisa akasema, "nimesema imetosha."

"Nimekusikia, Ndugu," Nasoro akamjibu, akarudisha.

Sasa ukumbi ulikuwa umenyamaza wote. Wapagazi walioyamaliza maneno yale kwa pumzi moja walifunga midomo yao wasimsaidie. "Na. Ku. Shu. Ku." Mwanasesere akapotea. Nasoro akarudisha mara ya tatu, bila kusubiri kuombwa. Niliisikia sauti yake Bi. Mwanaidi, sauti iliyotugombeza miaka yote, imekuwa nyembamba, inatetemeka, inasukuma. "Na. Ku. Shu. Ku. Ru." Pumzi. "Ma. Ma."

Akabaki amesimama. "Nakushukuru mama," akasema, sasa kama mtu anayeongea. Akageuka kutazama nyuma, kwenye mwanga wa mashine, haoni kitu. "Kumbe ndivyo inavyosema."

Kamera ilirudi stoo Jumatatu ile, na Nasoro hakuipata tena, hiyo wala nyingine. Alifundisha kisomo mpaka madarasa yalipofungwa. Mara mbili tatu kwa miaka iliyofuata nilijaribu kumwomba radhi, akakataa hata kuanza kunisikiliza. Lakini siku ile, Afisa akiwa bado amesimama kando yake, Nasoro hakuzima. Aliuvuta mkanda nyuma kwa mara ya nne, akausogeza mdomo karibu na sikio langu ili asiukatishe ule ukimya, akasema, "Skola, wanafunzi wangu wote sasa wanasoma."